Samaki wa Chambo

1. Ziwa Babati na wavuvi wake

Mji wa Babati uko katika Mkoa wa Manyara, kando ya njia kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma, kadiri ya kilometa 170 kutoka Arusha. Upande mmoja wa mji umesimama mlima Kwaraa, na upande wa pili limelala ziwa lenye jina moja na mji. Maji ya ziwa hili si ya magadi kama yale ya Ziwa Manyara lililo kaskazini. Ndani yake wamo perege na kambare, na viboko nao wamo, ambao kila mvuvi huwaogopa, na kwa haki.

Wavuvi huingia ziwani kwa mitumbwi myembamba. Wengine hutega nyavu, na wengine hutega ndoano. Mwenye nyavu hana haja ya chambo. Bali mwenye ndoano asipokuwa na chambo, ndoano zake ni vipande vya chuma tu majini.

Kambare hula karibu kila kitu: wadudu, konokono, nyungunyungu, na samaki wadogo. Macho yake ni madogo, na maji akaayo mara nyingi yana matope. Kwa hiyo hutafuta chakula chake kwa ndevu zake nane, ambazo hupapasia na kuonja. Samaki mdogo aliye hai akitikisika katika ndoano, kambare humtambua kutoka mbali. Kwa sababu hiyo wavuvi wengi hupenda chambo kilicho hai. Lakini kumkamata samaki mdogo ni kazi ya nusu saa, na kumweka hai mpaka atiwe katika ndoano ni kazi inayotaka akili.

2. Debe lililofunikwa

Palikuwa na kijana mmoja wa darasa la sita, ambaye babu yake alikuwa mvuvi wa ndoano. Siku ya Jumamosi babu alimwambia, "Mjukuu wangu, leo mchana nitafutie chambo. Jioni tutatega, na kesho tukipata kitu, tutanunua daftari zako."

Kijana akafurahi. Akachukua mgono mdogo, akaenda penye maji mafupi karibu na matete, na kwa muda mfupi akapata samaki 40, kila mmoja urefu wa kidole. Akawatia wote katika debe, akalijaza maji mpaka mdomoni, akalifunika vizuri ili maji yasimwagike. Kisha akaliweka juu ya jiwe, akaenda kucheza na wenzake. Jua lilikuwa kali.

Saa tisa babu akaja na mtumbwi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Chambo tayari?"

"Tayari, babu. Samaki 40, nao ni wazima wote."

Babu akainua kifuniko. Samaki wote walikuwa wanaelea, matumbo meupe juu. Maji yalikuwa ya moto, na harufu yake si njema.

Babu hakumpiga wala hakumkaripia. Alimchukua samaki mmoja, akamtia katika ndoano. Mara nyama ikachanika, samaki akaanguka mtumbwini. Akasema, "Kambare hula hata mfu, lakini huyu amelegea kama uji. Atang'oka kabla kambare hajafika."

Wakategea vivyo hivyo, kwa kuwa muda wa kutafuta wengine haukuwapo. Kesho yake asubuhi, katika ndoano 30, alikuwapo kambare mmoja tu, naye mdogo. Akaliwa nyumbani, na daftari hazikununuliwa.

Kijana aliona haya. Akasema, "Babu, niliwapa maji mengi mpaka mdomoni. Ni kitu gani kilichowaua?"

Babu akajibu, "Uliwapa maji, lakini hukuwapa pumzi."

3. Jinsi samaki anavyopumua

Watu wengi hudhani ya kwamba samaki hahitaji hewa, kwa kuwa mtu akizama majini hufa, na samaki akitolewa majini hufa. Hii si kweli. Samaki hutaka hewa kama vile mtu aitakavyo. Tofauti yao ni njia ya kuipata.

Katika hewa imo sehemu moja inayotunza uhai, nayo huitwa oksijeni. Oksijeni kidogo huingia katika maji na kuyeyuka humo, kama chumvi inavyoyeyuka katika mchuzi, hata isionekane kwa macho. Samaki huyapokea maji kwa kinywa, akayapitisha katika matamvua yake, yaani zile nyama nyekundu zilizopangika kama meno ya kitana chini ya kifuniko cha shavu. Damu ipitayo humo huichukua ile oksijeni, na maji hutoka nje. Ndiyo maana samaki hufungua na kufumba kinywa chake mchana na usiku: anapumua.

Lakini oksijeni iliyomo majini ni haba sana. Lita moja ya maji yenye joto la digrii 20, mahali palipo sawa na bahari, huweza kushika miligramu 9 tu. Lita moja ya hewa tunayoivuta ina oksijeni kadiri ya mara 30 zaidi. Debe huchukua lita 18. Basi debe zima la maji lina oksijeni isiyozidi sehemu ya sita ya gramu moja, uzito wa punje chache za mchele. Kwa akiba hiyo ndogo samaki 40 walitakiwa kuishi mchana kutwa.

Tena joto huzidisha taabu kwa njia mbili. Kwanza, maji yakipata moto hushika oksijeni kidogo zaidi. Yakifika digrii 30, lita moja haishiki zaidi ya miligramu 7 na nusu. Pili, samaki mwenyewe mwili wake ukipata moto hutaka oksijeni nyingi zaidi kuliko kwanza. Basi chakula hupungua, na njaa huongezeka. Nchi ya juu kama Babati hali ni ngumu kidogo kupita pwani, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi, na maji yake hushika oksijeni pungufu.

Kuna na adui wa tatu. Samaki hutoa uchafu wake katika maji yale yale anayoyavuta. Katika ziwa uchafu huo husambaa na kupotea; katika debe hubaki palepale, ukawa sumu. Na akifa mmoja akaachwa humo, huoza, akawaua na wenzake.

4. Chombo kifaacho

Mambo haya yakijulikana, kanuni za kutunza chambo huwa rahisi, na kila moja ina sababu yake.

Kanuni ya kwanza ni kuchagua chombo kipana. Oksijeni huingia majini kwa kupitia uso wa maji. Chombo kirefu chenye mdomo mwembamba kina maji mengi na uso mdogo. Beseni pana lina uso mkubwa. Chombo cha mviringo hufaa kuliko chenye pembe, kwa sababu samaki hukimbilia pembeni, wakasongana na kuumizana.

Kanuni ya pili ni kuwa na samaki wachache. Mvuvi mwenye ndoano 30 hufanya vema kuchukua samaki wachache mara mbili kuliko wengi mara moja. Ishirini walio hai ni wengi kuliko arobaini waliokufa.

Kanuni ya tatu ni kivuli. Chombo kisikae juani hata kidogo, wala kisifunikwe kwa kifuniko kikazacho. Gunia lililolowa maji hufaa sana: hewa hupenya katika nyuzi zake, na maji yakikauka katika gunia huondoka na joto, hivyo chombo hubaki baridi. Ni njia ile ile inayoyapoza maji ndani ya mtungi wa udongo.

Kanuni ya nne ni kubadili maji kidogo kidogo. Nusu ya maji ya zamani hutolewa, na nusu mpya hutiwa kutoka ziwani. Maji yote yakibadilishwa kwa ghafula, samaki hushtuka kwa tofauti ya joto, na pengine hufa. Maji ya bomba yasitumiwe, kwa kuwa mara nyingi yana dawa ya kuua vijidudu, nayo huunguza matamvua.

Kanuni ya tano ni mikono iliyolowa. Ngozi ya samaki imefunikwa na ute, nao ni kinga yake juu ya maradhi. Mkono mkavu huuondoa ute huo, na samaki aliyeshikwa hivyo hudhoofika. Afadhali kumchota kwa kikombe au kwa wavu mdogo.

Mvuvi hutazama dalili pia. Samaki wakipanda wote juu na kupiga midomo katika uso wa maji, hawachezi, wanaomba pumzi. Hapo mtu huchukua kopo, akachota maji ya chombo na kuyamimina tena kutoka juu, mara nyingi, ili yapige mapovu. Kila povu huchukua hewa na kuipeleka chini. Samaki wakianza kulala ubavu, msaada umekaribia kuchelewa.

5. Chambo ndani ya mtumbwi

Nchi kavu kazi hii ni nyepesi, lakini katika mtumbwi mwembamba kuna hatari nyingine. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Debe lililojaa, basi, ni kilo 18, nayo ni kilo zinazotembea: mtumbwi ukiinama kushoto, maji hukimbilia kushoto na kuuinamisha zaidi. Mtumbwi wa mtu mmoja huweza kupinduka kwa sababu hiyo tu.

Kwa hiyo chombo cha chambo hukaa chini kabisa, katikati ya mtumbwi, mbele ya magoti ya mvuvi, nacho hufungwa kamba. Maji yasizidi nusu. Vijana wengi hudhani maji mengi ndiyo huruma kwa samaki. Lakini nusu beseni yenye uso mpana, ikibadilishwa mara kwa mara, hushinda debe lililojaa na kusahauliwa.

Iko na njia nyingine. Mvuvi afikapo mahali pa kutega huwatia samaki katika kikapu chenye matundu madogo na kifuniko, akakizamisha ubavuni mwa mtumbwi. Hapo ziwa zima huwa chombo chake. Lakini anapopiga kafi, kikapu hutolewa majini, kwa maana mwendo wa mtumbwi huwabamiza samaki katika matundu mpaka wachubuke.

Watu wa nchi nyingine wana shida ile ile. Huko kaskazini ya mbali, penye barafu, Wainuit walibuni zamani mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja uliofunikwa kwa ngozi za wanyama wa baharini, nao huitwa kayaki. Siku hizi watu wa Marekani na Ulaya huzitengeneza kayaki kwa plastiki na kuvulia samaki. Chambo chao hukaa katika sanduku lenye mashine ndogo ya betri inayovuta maji mapya au kupuliza mapovu. Mtu aionapo mashine hiyo huweza kustaajabu. Lakini kazi yake ni ile ile ya kopo mkononi mwa mvuvi wa Babati.

6. Samaki mwenye pumzi mbili

Katika ziwa yumo samaki mmoja ambaye hafi upesi katika debe, naye ni kambare mwenyewe. Nyuma ya kichwa chake, juu ya matamvua, ana kiungo chenye matawi kama mti mdogo, na kwa kiungo hicho huvuta hewa ya juu. Maji yakiharibika, hupanda juu akameza hewa, kisha hurudi chini. Usiku wa mvua huweza hata kutambaa katika nyasi zilizolowa, akahama kutoka dimbwi moja kwenda jingine.

Tabia hii imewapa watu biashara. Katika Ziwa Victoria wavuvi wa sangara hutega kamba ndefu zenye mamia ya ndoano, na kambare wadogo walio hai ni miongoni mwa chambo chao, kwa kuwa huvumilia safari na hubaki wakitikisika katika ndoano muda mrefu. Uganda na Kenya wako wafugaji wanaolea kambare katika mabwawa, na kuwauza watoto wake kwa wavuvi. Jambo hili lina faida ya pili: samaki wa chambo akitoka katika bwawa, wale wadogo wa ziwani huachwa wakue.

7. Samaki watatu waliobaki

Jumamosi iliyofuata kijana alikwenda tena penye matete. Safari hii alichukua beseni, akakamata samaki 20 tu, akaliweka chini ya mti na gunia lililolowa juu yake. Hakwenda kucheza. Kila mara alimimina maji kwa kopo, na mara mbili alibadili nusu ya maji.

Saa tisa babu akafunua gunia. Samaki 18 walikuwa wakiogelea, na wawili waliokufa kijana alikwisha kuwatoa. Babu akatikisa kichwa kwa kuridhika, asiseme neno.

Wakaingia ziwani. Babu aliliepuka kundi la viboko kwa mbali, akawa akigonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi ili kiboko asije akashtuliwa. Walitega ndoano 15, wakatoka kabla ya jua kuchwa, maana jioni ndipo viboko wanapotoka majini kwenda malishoni.

Samaki watatu walibaki katika beseni. Kijana akasema, "Babu, naomba hawa niwapeleke katika bwawa la shule. Tunafuga perege huko. Hawa watakuwa wageni wao."

Babu akasimama. "La, mjukuu wangu. Warudishe pale pale penye matete ulipowatoa."

"Lakini babu, ni watatu tu."

"Hata sangara wa kwanza hawakuwa wengi."

Hapo babu akamweleza habari za Ziwa Victoria. Zamani hapakuwa na sangara humo. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 watu waliwaleta kutoka maziwa mengine, wakitumaini kupata samaki wakubwa. Kwa muda wa miaka mingi hakuna aliyeona tofauti. Katika miaka ya 1980 sangara waliongezeka kupita kiasi, wakawala samaki wadogo waitwao furu. Furu walikuwa wa aina mamia, na wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Wataalamu hukadiria ya kuwa aina zipatazo 200 zilitoweka, ingawa sangara hawakuwa sababu ya pekee. Ni kweli sangara wameleta fedha nyingi na viwanda. Lakini aina iliyokwisha kutoweka haiwezi kununuliwa kwa fedha yo yote.

"Tena," babu akasema, "samaki hahamishwi peke yake. Katika maji ya beseni hili mna vijidudu usivyoviona, na magonjwa pengine. Wala usiseme bwawa la shule lina ukingo. Mwaka 1990 ziwa hili lilifurika, maji yakaingia mpaka mjini. Siku ya mafuriko ukingo gani utasimama?"

Kijana akafikiri kidogo. Kisha akalichukua beseni, akaenda penye matete, akaliinamisha polepole. Samaki watatu walikaa kitambo kidogo, wakifungua na kufumba vinywa. Halafu wakapotea katika maji.

Kesho yake asubuhi, katika ndoano 15 walikuwapo kambare watano. Wawili wakaliwa nyumbani, watatu wakauzwa sokoni, na kijana akapata daftari zake. Katika ukurasa wa kwanza aliandika maneno haya: "Maji ni hewa ya samaki. Mwenye kumtia samaki katika chombo ameshika pumzi yake mkononi."

Maswali

1. Kwa nini samaki 40 walikufa ijapokuwa debe lilijaa maji? Taja sababu tatu.
2. Kambare hutafutaje chakula chake katika maji yenye matope?
3. Beseni lina lita 12 za maji. Uzito wa maji hayo ni kilo ngapi? Yapasa kuliweka wapi katika mtumbwi, na kwa nini?
4. Gunia lililolowa hupozaje maji? Toa mfano mwingine wa nyumbani kwenu.
5. Kwa nini kambare huishi katika maji yanayomwua perege?
6. Babu alikataza samaki watatu wasitiwe katika bwawa la shule. Eleza sababu zake kwa maneno yako mwenyewe.
7. Jaribio: Tia maji sawasawa katika chupa na katika beseni. Pima upana wa uso wa maji katika kila chombo. Ni kipi kitakachopokea hewa upesi zaidi?